Vuli Mlimani: Samaki wa Baridi na Maji Yatufikiayo Pwani

Kusi likishakata na matlai yakaanza kuvuma, mvuvi wa Pwani huijua kazi iliyo mbele yake. Bahari hutulia, ngalawa hutoka nje ya miamba, na mawingu ya vuli huanza kukusanyika. Tangu Oktoba hata Disemba mvua hunyesha kwa vipindi, leo nyingi, kesho manyunyu. Hayo sote twayajua. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao vuli hiyo hiyo huwafanyia nini wavuvi wa mlimani?

Naam, ndugu msomaji, wavuvi wa mlimani wapo. Hawana ngalawa wala nyavu, wala hawajui bamvua ni nini. Huvua katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, mahali ambapo maji ni baridi hata ukitia mkono huutoa upesi. Nilisafiri kilomita zipatazo 600 kutoka Mombasa hadi Nyeri wakati wa vuli ili nijionee, na haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia.

SAMAKI ALIYEPITA BANDARINI

Samaki avuliwaye huko huitwa trauti, naye si mwenyeji. Wapo wa aina mbili. Wa kwanza ni trauti wa kahawia, mwenye madoa meusi na mekundu ubavuni, ambaye asili yake ni Ulaya. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata sifa kwa kusafiri kutoka Rasi ya Afrika Kusini hadi Cairo, aliagiza trauti kutoka ziwa Loch Leven la Scotland, wakatiwa katika mto Gura huko Nyandarua. Wazee wa Mombasa watalikumbuka jina hilo, maana ndiye Grogan aliyejenga gati la Mbaraki. Wa pili ni trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Asili yake ni magharibi ya Amerika ya Kaskazini, naye aliletwa nchini miaka michache baadaye.

Siku hizo njia ya kuingilia bara ilikuwa moja tu, bandari ya Mombasa na reli. Basi samaki huyu tumwonaye kuwa ni wa bara alianza kwa kupita mlangoni petu. Wala si yeye peke yake. Halford Mackinder alipokipanda kilele cha Batian mwaka 1899, mtu wa kwanza ajulikanaye kufika huko, wapagazi Waswahili walikuwa katika msafara wake. Tusiseme, basi, kwamba mlima ule hautuhusu.

Wenyeji wenyewe hawakuwa na haja na samaki. Desturi ya kale ya Wakikuyu ilikuwa kutomla kabisa, na mzee mmoja wa karibu na Kiganjo aliniambia kwa kicheko kuwa babu yake alimhesabu samaki katika jamii ya nyoka. Leo mambo yamegeuka. Tangu mwaka 1948 serikali ina mabwawa ya kuzalishia trauti huko Kiganjo, ambako vifaranga hulelewa kisha hupelekwa mitoni, na vijana wa huko humla trauti bila ya kukunja uso.

UVUVI WA NZI WA MANYOYA

Sisi tumezoea mshipi, ndoana na chambo cha ngisi au dagaa. Mvuvi wa trauti hatii chambo. Ndoana yake ni ndogo kama ukucha, nayo imefungwa manyoya na nyuzi ikafanana na nzi au mdudu wa majini. Kazi hiyo ya kufunga nzi wa bandia hufanywa na mafundi wa papa hapa Kenya, na nzi wao husafirishwa ng'ambo kuuzwa kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani.

Nzi huyo hana uzito, hawezi kurushwa kama tunavyorusha sisi chubwi. Uzito umo katika mshipi wenyewe. Mvuvi hupeperusha ufito nyuma na mbele, mshipi ukajinyoosha hewani, kisha akaulaza majini taratibu ili nzi atue kama aliyeanguka kutoka mtini. Trauti hukaa ameelekea kule maji yatokako, akingoja chakula kiletwe na mkondo. Kwa hiyo mvuvi mjuzi huja kwa nyuma yake, akipanda mto polepole, bila ya kishindo na bila ya kuacha kivuli chake kiangukie maji.

"Mzee," kijana aliyenipeleka aliniambia, "hapa samaki akikuona kabla hujamwona, afadhali twende mbele."

VULI IKIINGIA

Sasa tuje kwenye jambo lililonipeleka. Trauti ni samaki wa maji baridi, safi, yenye hewa nyingi. Maji yakipata joto la nyuzi ishirini na kitu hudhoofika, yakizidi hapo hufa. Ndiyo sababu huonekana juu milimani tu, katika Gura na Chania, Sagana na Thego, Naro Moru na Burguret.

Mvua za vuli zikianza, mito hubadilika kwa saa chache. Unaweza kuuona mto asubuhi ukahesabu kokoto za chini, na alasiri ukaukuta mwekundu kama chai ya maziwa. Maji yakiwa hivyo samaki hamwoni nzi, na kurusha ufito ni kujichosha bure. Wajuzi hufanya mambo matatu. La kwanza, huvua mapema, maana mara nyingi mlima huwa wazi asubuhi na mvua hunyesha baada ya adhuhuri. La pili, hupanda juu zaidi, ndani ya msitu, kwa sababu huko udongo umeshikwa na mizizi na maji hutakata upesi. La tatu, mto ukifurika huuacha siku mbili tatu, wakaurudia ukiwa umeanza kutulia. Hapo hutumia nzi mkubwa mweusi, aonekanaye katika maji yenye ukungu. Aliye na haraka angoje Januari na Februari, au ile miezi mikavu ya katikati ya mwaka.

Vuli haina heshima kwa mkubwa wala mdogo. Mnamo Oktoba 2010 Mwana wa Mfalme William wa Uingereza alimchumbia Catherine Middleton kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nao wakalala katika vibanda vya mbao kando ya ziwa Rutundu, lenye sifa ya trauti. Katika kitabu cha wageni bibi huyo aliandika kwamba walifurahi kujaribu kuvua, lakini samaki hawakuwapata. Riziki ya mtu ni ile aliyoandikiwa.

Asiyevua naye ana lake la kufanya. Kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, hupandwa kwa miguu bila ya kamba, ingawa katika vuli njia huwa matope na juu huanguka theluji. Huko Nyandarua maporomoko ya Karuru hushuka mita 273 kwa ngazi tatu, na vuli ndiyo huyanenepesha. Msafiri Mwislamu asiwe na wasiwasi. Mji wa Nyeri una msikiti, na maji ya kutawadhia yamejaa kila bonde. Ila nawausia wazee wachukue koti zito, kwa maana udhu wa alfajiri katika maji yale si mchezo.

KITOWEO AU MCHEZO?

Jambo moja lilinikereketa. Wageni wengi huvua trauti, wakamtazama, wakapiga picha, kisha wakamrudisha majini. Husema wanawahifadhi samaki wasiishe. Mimi mwana wa Pwani nilijiuliza, je, kumchoma kiumbe mdomo kwa ndoana ili kujifurahisha tu ni jambo jema?

Niliporudi nilimuuliza maalim mmoja wa mtaani kwetu. Akanambia kuwa mavuvi ni halali yetu bila ya shaka, kwa maelezo ya Sura ya Al-Maida, na samaki hahitaji kuchinjwa, awe wa bahari au wa mto. "Lakini," akasema, "Mtume, Sala na Salamu zimshukie, amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Mwanangu, vua ule. Ukishiba, kunja mshipi." Nami naona maneno hayo hayagombani na uhifadhi hata kidogo. Leseni ya kuvua trauti huweka mpaka wa idadi ya samaki. Mtu akitwaa wa chakula chake, akamrudisha mdogo akue, akaondoka, mto haumlaumu wala dhamiri haimsuti.

Wangu niliyepewa alikaangwa kwa siagi pale pale mtoni. Nyama yake laini, ya waridi, nzuri kwelikweli. Ila sikuacha kuwaza angekuwaje katika tui la nazi na ndimu.

MTO MMOJA, WATU WENGI

Msomaji atauliza, yote haya yatufaa nini sisi? Jibu limo katika ramani. Maji ya Gura huingia Chania, nayo Chania huingia Sagana. Thego nayo huishia huko huko, na Sagana ndiyo Tana. Tana hupita katika mabwawa ya umeme, Masinga lililokamilika mwaka 1981, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, huvuka Garissa, humwagilia mashamba ya Wapokomo, kisha huingia baharini karibu na Kipini. Maji anayoogelea trauti leo ndiyo anayongojea mkulima wa Ngao na mvuvi wa Kipini.

Tumeyaona mambo yakiharibika. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kuja sawasawa, mifugo ikafa kaunti za Tana River na Garissa. Mwaka 2023 vuli ikaja na El Niño, Tana ikafurika, maelfu wakahama makwao. Mvua ni ya Mola, lakini msitu ni amana yetu. Pale msitu ulipokatwa, mvua huporomosha udongo na mto huwa tope. Kiangazi kikija, mto huo huo hukauka. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Trauti ndiye wa kwanza kutoa habari. Akitoweka katika mto uliokuwa wake, jueni maji yamepata joto au yamechafuka, na habari hiyo itatufikia Pwani baadaye, kwa njia ya visima na mashamba.

Chuoni tulifundishwa tusifuje maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto upitao. Mafundisho hayo yawahusu wa juu na wa chini. Aliye mlimani asikate mti wa chanzo, naye aliye Pwani asidhani kuwa mlima ni wa wengine. Mwenye nafasi na apande akautazame, yeye na wanawe, hata kama hatarudi na samaki.