Gofu ya ghorofa ya tatu

Ukipanda ngazi za jumba moja karibu na Tom Mboya Street, ukampita fundi wa saa, ukampita kinyozi, ukampita na mama auzaye nguo za watoto, utafika ghorofa ya tatu kwenye mlango uliochorwa picha ya mwanamasumbwi. Ndani kuna giza, viti vya plastiki, televisheni kumi na mbili, na vijana wanaopiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Hapo ndipo nilipoingia jioni moja ya Ijumaa, mwezi wa Septemba 2024, mimi mtu wa mvi na wajukuu wawili, nikiwa nimevaa koti.

Kijana wa mlangoni aliniamkia kwa adabu. "Habari ya jioni, mzee. Unamtafuta kijana wako? Leo hajafika."

"Sikumfuata kijana," nikamjibu. "Nimekuja kucheza."

"Kucheza nini, mzee?"

"Gofu."

Wale waliokuwa karibu waligeuza shingo. Mmoja alifungwa bao papo hapo kwa sababu yangu, na nadhani hadi leo hajanisamehe.

Ndugu msomaji, naomba usicheke kabla hujasikia kisa chote. Nilikuwa nimejiandikisha katika mchujo wa mashindano ya gofu ya video, yale yachezwayo kwa mtandao. Katika mchezo uitwao PGA Tour 2K wachezaji huweza kuunda vyama vyao wenyewe, wakachagua uwanja, wakaweka siku, na kila mmoja akacheza popote alipo duniani. Chama nilichoingia kilikuwa na watu mchanganyiko, wengi wao wa Afrika Kusini na Uingereza. Masharti yalikuwa mafupi: raundi mbili kati ya Alhamisi na Jumapili, mtambo usimsaidie mtu kitu, na thelathini na wawili wenye mikwaju michache ndio waendelee. Raundi ikikatika katikati, kwa sababu yoyote ile, mchezaji ametoka.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonitoa nyumbani Kangemi. Mazoezi yote nilikuwa nimeyafanya kwa mpwa wangu, ambaye ana mtambo wake, lakini mtaani kwetu umeme una tabia ya kuaga bila kwaheri. Pale mjini wana jenereta.

Labda utauliza mtu wa umri wangu aliupata wapi ugonjwa huu. Niliupata zamani. Nilizaliwa upande wa Kabete, na mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wa likizo za shule, nilikuwa kedi katika klabu moja ya huko magharibi mwa jiji. Kedi ni mtu anayebeba begi la fimbo za mwenzake kwa mashimo kumi na manane, akautafuta mpira wake vichakani, akaushika mti wa bendera, na akasema "umepiga vizuri, bwana" hata pale ambapo bwana hakupiga vizuri. Kucheza kwetu kulikuwa Jumatatu asubuhi tu, kwa fimbo za kuazima. Siku nyingine zote za juma tulikuwa macho na mabega.

Yeyote aujuaye mji huu anajua gofu imekaa wapi. Royal Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, na leo imepakana na mabati ya Kibera, hata mtu akisimama mahali pazuri anaweza kuona mashimo ya gofu na paa elfu moja kwa mtupo mmoja wa jicho. Karen Country Club ilifunguliwa mwaka wa 1937 juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen. Vet Lab iko huko kwetu Kabete. Reli nao wana kiwanja chao karibu na katikati ya jiji, na abiria wa matatu hukichungulia dirishani. Ua ni mrefu kila mahali. Mashindano makubwa ya Kenya Open yamekuwapo tangu mwaka wa 1967, na mwaka wa 2019 yaliingizwa katika ziara kubwa ya Ulaya, lakini hadi kufikia mwaka wa 2025 hakuna Mkenya aliyekuwa amelitwaa kombe lile. Mwaka wa 1978 lilichukuliwa na kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros. Sisi makedi tulimpenda kuliko wote kwa sababu moja tu: naye alikuwa kedi huko kwao Pedreña, akajifunza kupiga mpira ufuoni kwa fimbo moja.

Basi turudi ghorofa ya tatu.

Vijana wa pale hucheza mpira wa miguu na michezo ya kupigana ngumi. Katika michezo ya ngumi Kenya ina jina, maana Bi. Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alichukuliwa na timu ya kigeni mwaka wa 2018 kwa ustadi wake katika Tekken. Lakini muulize yeyote kati ya vijana hao adui yake ni nani naye atakujibu: umbali. Mitambo mikubwa inayosimamia michezo mingi haiko Nairobi. Ishara ya kidole chako hushuka hadi Mombasa, ikaingia kwenye waya ulio chini ya bahari, ikaenda Ulaya, ikarudi. Safari hiyo hula kama sehemu mia na hamsini za sekunde iliyogawanywa elfu. Ni kitu kidogo, utasema. Hata hivyo Tekken huonyesha picha sitini kwa kila sekunde, na kwa hesabu hiyo Mnairobi hupigana na picha tisa za zamani. Mwenzake wa London amekwisha kurusha teke yeye angali anaona mguu uko chini. Na Mei 12, 2024, nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipokatika huko baharini, Afrika Mashariki yote iliburuta miguu kwa siku kadhaa.

Gofu haina shida hiyo, na jambo hili ndilo lililonivuta. Mpira wa gofu haukukimbii. Hakuna wa kukupokonya. Unauvuta ule mwiba mdogo wa padi nyuma kwa kidole gumba, unausukuma mbele, na hesabu yote ya mkwaju hufanywa na mtambo ulio mbele yako. Kinachovuka bahari ni matokeo tu. Katika mchezo huu wa mtandaoni mtu wa Kangemi na mtu wa California wamesimama mahali pamoja. Kidole kikienda kombo, mpira nao huenda kombo, na huna wa kumlaumu.

Kuna umbali mmoja tu wa kuogopa, nao ni wa televisheni yenyewe. Televisheni nyingi huipamba picha kwanza ndipo ziionyeshe, na upambaji huo hukawiza jicho. Mtu aliyezoea mdundo wa televisheni moja akipelekwa kwenye nyingine atapiga mapema au atachelewa. Nilimweleza kijana wa mlangoni. Akaniangalia kwa macho mapya, akaingia katika mipangilio ya televisheni ile na kuzima mapambo yote. Tangu hapo hakuniuliza tena habari za kijana wangu.

Uwanja wa mchujo ulikuwa Riviera, ulioko Los Angeles, ambao umo katika mchezo huu tangu toleo la PGA Tour 2K21 lililotoka Agosti 2020. Ni klabu ya watu binafsi. Mimi singepita hata langoni. Lakini sikiliza ajabu hii. Nyasi za Riviera ni nyasi za Kikuyu. Ndiyo, zile zile nilizowakatia sungura utotoni kandokando ya barabara ya Kabete. Asili yake ni nyanda hizi zetu za juu za Afrika Mashariki, na Wazungu walizichukua mwanzoni mwa karne ya 20 wakazipeleka Afrika Kusini, Australia na California, ambako zilipandwa ili zizuie mmomonyoko wa udongo. Zikaenea zisikokusudiwa. Leo mabingwa wa dunia hulalamika kwamba nyasi za Kikuyu huushika ulimi wa fimbo na kuuzungusha. Sisi makedi tungewaambia bure.

Raundi ya kwanza, Ijumaa ile, nilipiga mikwaju 66. Kiwango cha Riviera ni 71. Sitajisifu sana: upepo ulikuwa mdogo, na shimo la sita, lile lenye mchanga katikati ya grini yenyewe kama kidonda kichwani, lilinionea huruma. Hata hivyo nilipotoa koti baada ya shimo la tisa, vijana watatu walikuwa wamehamisha viti vyao wakakaa nyuma yangu. Hawakuelewa hesabu za gofu, ila walielewa kwamba namba yangu ilikuwa na alama ya kutoa na kwamba hilo ni jambo jema.

Usiku ule ndani ya matatu ya Kangemi sikuwaza jingine ila shimo la kumi.

Naomba nilieleze shimo hili, kwa kuwa ndilo lililonimaliza. Urefu wake ni yadi 315 tu, na mchezaji amepewa mikwaju minne. Mtu mwenye nguvu anaweza kulifikia kwa mkwaju mmoja. Hapo ndipo mtego ulipo. Grini yake ni nyembamba kama ulimi, imelala kimshazari, na mchanga umeikaba huku na huku. Njia ya akili ni kupiga mpira mfupi upande wa kushoto, ukaitazama grini kwa urefu wake, kisha ukaudondosha mpira wa pili taratibu. Laiti ningekuwa kedi pale, ningemwambia bwana maneno hayo hayo. Nimewaambia mabwana wengi maneno ya namna hiyo. Walikuwa wakiniangalia, wakatabasamu, wakachukua fimbo ndefu.

Jumapili alasiri nilirudi. Nilimaliza mashimo tisa ya kwanza kwa mikwaju 33, miwili chini ya kiwango. Kwa jumla nilikuwa saba chini. Safari hii waliokaa nyuma yangu walikuwa saba au wanane, na habari zilikwisha kuenea kwamba kuna mzee anayeua. Nikasimama kwenye shimo la kumi.

"Mzee, piga yote!" akasema mmoja. "Si umeiona bendera ile pale?"

"Piga yote!" wakaitikia.

Nilijua la kufanya. Nataka msomaji aamini hivyo. Nilikuwa tayari nimechagua fimbo fupi. Lakini katika maisha yangu yote hakuna watu waliowahi kusimama nyuma yangu kwenye gofu. Mimi ndiye niliyesimama nyuma ya watu. Nikachukua fimbo ndefu.

Kidole kiliteleza chembe tu kuelekea kulia. Mpira uliruka ukazama kwenye mchanga wa upande usiofaa kabisa. Kutoka mchangani nikauvusha grini nzima hadi nyasi ndefu za ng'ambo, na mtambo ukaniandikia asilimia za nguvu nitakazopoteza kwa sababu ya nyasi hizo. Nyasi za Kikuyu, watu wangu! Nikaona kama zinanisalimu kwa jina. Mkwaju wa tatu ukafia humo humo, wa nne ukapanda grini, na miwili ikaniingiza shimoni. Sita. Nyuma yangu palikuwa kimya, na kijana yule wa "piga yote" alikuwa ameanza kuisoma simu yake.

Nilirudisha mkwaju mmoja kwenye shimo la kumi na moja. Kisha nikatembea na kiwango, shimo baada ya shimo, hadi la kumi na nane, lile linalopanda mlima hadi chini ya jumba la klabu. Hapo nilikuwa na mpira wa futi kumi na mbili wa kushusha alama moja. Macho yangu yalisoma kwamba utapinda kushoto, upana wa mipira miwili. Ulipinda mmoja na nusu. Ukapita ukingoni mwa shimo na kusimama.

Mikwaju 70. Jumla 136.

Mashindano yalifungwa usiku wa manane wa saa za Uingereza za kitabuni, ambayo kwetu ni saa tisa za usiku. Sikulala. Nilikaa jikoni Kangemi na simu mkononi nikiwatazama watu wa mbali wakiingia mmoja mmoja, na mstari wa thelathini na mbili ukipanda taratibu kuelekea jina langu. Saa nane na nusu nilikuwa wa thelathini na moja. Saa nane na dakika hamsini mtu mmoja wa Afrika Kusini alimaliza kwa 133. Dakika nne kabla ya kufungwa akaja mwingine kwa 135. Wa mwisho kupita alikuwa na 135, nami nikawa wa thelathini na tatu.

Mke wangu alitoka chumbani akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni mkwaju mmoja tu. Akarudi kulala.

Juma lililofuata nilikuwa mjini kwa shughuli nyingine nikapita pale, nikidai kwamba nilisahau kalamu. Kijana wa mlangoni alinivuta kando. Kumbe baada yangu alikuwa amejaribu gofu mwenyewe, usiku, wateja walipokwisha, na alikuwa amekwama kwenye grini.

"Mzee," akasema, "wewe unajuaje mpira utapinda wapi? Mimi naona nyasi tu."

Nikavuta kiti. Nikamwambia kwanza aache kuutazama mpira, aende upande wa pili wa shimo, ainame. Hakunitoza pesa ya saa ile. Tulianza na shimo la kumi.