Tusinunue Jua kwa Jina

Wakazi wa visiwa vyetu hawana haja ya kufundishwa thamani ya umeme wa jua. Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa sababu ya hitilafu katika njia iletayo umeme kutoka bara. Basi si ajabu ikiwa habari za paneli za aina mpya, nyepesi na zisizo na risasi, zinapokewa kwa shangwe. Nasi tunazifurahia, lakini tunaona ni wajibu wetu kueleza kazi hiyo imefika wapi.

Paneli nyingi za leo ni za silikoni. Mwaka 2009 Profesa Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walionyesha kuwa utando mwembamba wa fuwele ziitwazo perovskaiti waweza kugeuza nuru kuwa umeme. Wakati huo seli zao zilinasa asilimia 3.8 tu ya nguvu ya jua. Leo, katika maabara, seli za jamii hiyo zimepita asilimia 26. Lakini fuwele zilizo bora kuliko zote zina risasi, na paneli ikivunjika mvuani, risasi hiyo yaweza kuchujika hadi ardhini. Kwetu sisi tunaokunywa maji yatokayo chini ya mawe ya matumbawe, hilo si jambo la kupuuzwa, kwani risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo.

Ndiyo maana wataalamu wameligeukia bati. Si bati la kuezekea, bali madini yatumikayo katika lehemu. Mwaka 2014 vikundi viwili, kimoja cha Uingereza na kingine cha Marekani, vilifikia takriban asilimia 6. Tangu hapo asilimia 14 imekwisha kuvukwa. Si haba, ila pengo bado ni kubwa.

Taabu kubwa zaidi ni uhai wa seli zenyewe. Ndani ya fuwele, kila chembe ya bati imetoa elektroni mbili. Ikiguswa na hewa, hutoa mbili nyingine, na fuwele hujaa mapengo yanayomeza umeme kabla haujaufikia waya. Madini ya bismuthi huvumilia hewa zaidi, lakini seli zake huambulia asilimia chache tu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo hiki bado kiko chelezoni. Paneli za silikoni hupimwa kwa kuwekwa saa 1,000 katika joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, na watengenezaji wengi huzidhamini kwa miaka 25. Paneli yoyote mpya haina budi kupita mtihani huo huo, maana hewa yetu ya chumvi inayokula misumari na mapaa haitaihurumia.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika na biashara na nishati wasiruhusu paneli za aina hii kuuzwa visiwani bila cheti cha kipimo cha joto la unyevu na cha ukungu wa chumvi. Mwananchi naye aulize cheti kabla ya kutoa fedha yake.

Lakini tusijidanganye kwamba risasi ni hatari ya kesho. Mita moja ya mraba ya utando wa perovskaiti hubeba takriban gramu moja ya risasi, au pungufu. Betri moja ya asidi, ya zile zinazowasha taa zetu usiku, hubeba kilo kadhaa. Betri hizo zikifa hutupwa uani au huvunjwa karibu na visima. Wakati wataalamu wakiendelea na bati lao, Serikali inaweza kuanza sasa hivi kuweka vituo vya kukusanyia betri mbovu katika kila wilaya, na kumtaka kila muuzaji aipokee betri ya zamani anapouza mpya.