Maji ya Juu ya Mto: Michezo ya Kompyuta Inapoharibiwa na Matengenezo

Hapa Sitalike, kwenye mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilomita zipatazo 35 kusini ya Mpanda, kila mtu aijua habari ya Mto Katuma: kwamba kiangazi kikikolea na maji yakapungua, viboko husongamana kwa mamia katika madimbwi machache yaliyosalia, na kwamba sababu ya upungufu huo si jua peke yake, maana huko juu ya mto maji hukingwa yakapelekwa mashamba ya mpunga, nasi wa chini tukapokea yaliyobaki pasipo kuulizwa. Nimeanza na mto kwa kuwa jambo nililokusudia kulieleza leo, yaani michezo ya kompyuta inayoharibika kadiri wenyewe wanavyoitengeneza, halifahamiki vema mpaka msomaji atambue kwanza ni nani akaaye juu ya mto na ni nani akaaye chini.

Katika zama za PlayStation 2, mchezo ulikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Mtu alinunua diski, au aghalabu nakala ya diski, akaitia katika mashine, na yaliyoandikwa humo yakadumu vilevile mpaka diski ichubuke. Na wenye vibanda vya gemu walijua kwamba ile Pro Evolution Soccer, ambayo vijana waliiita PES kana kwamba ni neno la Kiswahili, iliyochezwa Jumatatu ndiyo itakayochezwa Jumamosi, pamoja na uzuri wake na taksiri zake zote, kwa sababu hapakuwa na mkono wa mbali uwezao kuifikia. Kwa hali hiyo diski ilikuwa jamaa ya bao. Ubao wa bao la Kiswahili, wenye mashimo 32 na kete 64, ukishachongwa katika gogo la mninga na kukabidhiwa mwenyewe, fundi hana tena amri juu yake: hawezi kurudi usiku akaziba nyumba, wala kutoza ada kwa kila anayetaka kunamua.

Mchezo wa leo, aghalabu, umejengwa kwa namna nyingine. Sehemu yake moja imo katika simu ya mchezaji, na sehemu yenye amri imo katika seva, yaani kompyuta kuu za kampuni iliyoutunga, ambayo ndiyo ikaayo juu ya mto. Kila unapoufungua, simu hupeleka namba ya toleo ililo nalo; seva ikiona kwamba ni la zamani, hufunga mlango mpaka upakue toleo jipya, nalo likishaingia huandikwa juu ya mafaili ya kale, yasipatikane tena. Waama, seva yenyewe yaweza kubadilishwa hata simu yako isijue: nguvu za mchezaji uliyemhangaikia miezi zikapunguzwa, au zawadi iliyokuwa ikitolewa kila siku ikawa haba. Hiki ndicho watu wanachokiita apdeti, na kwa Kiswahili cha vitabuni sasisho. Asili yake ni njema, kwani hakuna programu isiyo na kasoro, na anayekataa marekebisho yote huacha wazi milango ambayo wezi wa mtandaoni huipenda. Lakini njia iletayo dawa ndiyo hiyohiyo iwezayo kuleta ugonjwa.

Kisa kilicho karibu zaidi na mioyo ya vijana wetu ni cha hiyohiyo PES. Kampuni ya Konami ya Japani, iliyoujenga mchezo huo kwa zaidi ya miaka 20, ilitangaza katika Julai 2021 kwamba jina la kale linaondolewa na mahali pake patakaa eFootball, mchezo usiouzwa, utakaopakuliwa bure, na utakaoendelea kubadilishwa kwa masasisho badala ya kutolewa upya kila mwaka. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 30 Septemba 2021. Timu zilizokuwamo zilikuwa 9 tu. Ile Master League, ambayo kwayo mtu alichukua klabu dhaifu akailea msimu baada ya msimu, haikuwamo. Na nyuso za wachezaji mashuhuri duniani zilitokea zimepindika hata picha zake zikazagaa kila pembe ya dunia. Katika duka la mtandaoni la Steam, wachezaji waliuweka katika daraja la mwisho kabisa la tathmini, na kesho yake Konami wakaomba radhi hadharani. Toleo lililostahili kuitwa kamili lilipatikana katika Aprili 2022, na mnamo Juni mwaka huo zamu ikawafikia wenye simu, ambao PES yao ya 2021 iligeuzwa kuwa eFootball kwa sasisho, wala si kila kitu walichokuwa wamekikusanya kilichoweza kuvuka nao.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza, inakuwaje mafundi walio stadi kiasi hicho waharibu kazi ya mikono yao wenyewe. Sababu ya kwanza ni ya msingi wa nyumba: Konami waliacha injini yao ya kale, yaani programu ya msingi ambayo mchezo hujengwa juu yake, iliyoitwa Fox, wakahamia Unreal, na kuhamisha mchezo kutoka injini moja hadi nyingine ni sawa na kuhamisha nyumba ya udongo, kwamba huibebi, unaijenga upya, na yale madogomadogo yaliyosahihishwa polepole kwa miaka mingi, kama mwendo wa mpira unapogonga mguu, yote hurudi katika hali ya uchanga. Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi, ni ya mapato. Mchezo ulionunuliwa mara moja ulimlazimu mtungaji akuridhishe siku ya kwanza. Mchezo wa bure humlazimu akufanye urudi kila siku na ununue vipande vyake kidogokidogo, na kwa ajili hiyo sasisho hupimwa kwa fedha liliyoingiza kabla ya kupimwa kwa furaha liliyoleta. Hapo ndipo subira ya mchezaji inapogeuzwa kuwa bidhaa.

Iko pia sababu ya sheria, isiyotokana na tamaa. Grand Theft Auto: San Andreas, ambayo ni vigumu kumpata kijana wa mjini asiyeijua, ilipunguziwa nyimbo za redio zake kwa sasisho la mwaka 2014, kwa kuwa idhini ya kuzitumia ilikuwa imekwisha muda. Lililofuata halikuwa na udhuru huo: katika Oktoba 2021 kampuni ya Rockstar iliondoa madukani matoleo ya kale ya mchezo huo na ya wenzake wawili, na mwezi uliofuata ikaleta toleo lililosemwa kuwa jipya na bora, ambalo mvua yake iliziba macho na maandishi ya vibao vyake yalikosewa; malalamiko yalipozidi, ikaomba radhi na kuahidi kuyarudisha yale ya kale kwa wenye kompyuta.

Madhara ya mambo haya hayagawanyiki sawasawa. Kwa mtu wa Tokyo mwenye intaneti isiyopimwa, sasisho baya ni karaha ya jioni moja. Kwa kijana wa Sitalike anayenunua bando kwa fedha aliyoichuma kwa jasho, ni hasara ya mali. Nimepata kuletewa simu na kijana aliyeamini kwamba imekufa, ilhali haikuwa na ugonjwa wowote: mchezo alioupenda, ambao sina haja ya kuutaja, ulikuwa umejisasisha wenyewe, ukala bando lake la wiki, ukajaza nafasi ya simu, kisha ukawa mzito kiasi cha simu ile kushindwa kuuendesha. Jana yake alikuwa akicheza. Hakukosa lolote, wala hakuombwa ridhaa, na sikuwa na njia ya kumrudishia alichokuwa nacho, maana toleo la kale seva haikulikubali tena. Siku ile nilisikitika kuliko ninavyosikitika kwa simu iliyotumbukia majini, kwa kuwa ile ya majini angalau ina msiba unaoeleweka.

Lakini insafu inawezekana, na imekwisha kutendeka. Kampuni ya Jagex ya Uingereza ilibadilisha mapigano yote katika mchezo wake RuneScape mnamo Novemba 2012, na wachezaji wakaukimbia. Kampuni ikafukua katika hifadhi yake nakala ya Agosti 2007, ikapigisha kura, wakajitokeza watu zaidi ya 400,000, na katika Februari 2013 mchezo wa kale ukafunguliwa upya ubavuni mwa ule mpya. Hadi leo huo wa kale ndio wenye wachezaji wengi zaidi. Minecraft ya kompyuta nayo, ile iitwayo Java Edition, huachia mchezaji hiari ya kuchagua karibu toleo lolote atakalo, hata la miaka mingi nyuma, na sijapata kusikia kwamba hiari hiyo imemfilisi mwenye mali.

Kwa vijana wetu wa Tanzania wanaojifunza kutunga michezo, ombi langu ni hili: mtakapotoa toleo jipya, liacheni la jana likiwa hai kwa anayelipenda na kwa simu isiyoweza zaidi. Nawe msomaji mwenye simu, fungua Google Play, ingia katika mipangilio, uzime kusasisha programu kiotomatiki, kisha usasishe kwa mkono wako zile za benki, za pesa na za mawasiliano, ambazo usalama wake hutegemea marekebisho. Michezo iache mpaka usikie habari zake kwa waliotangulia. Usilitafute toleo la kale katika tovuti za vichochoroni, kwani mafaili ya huko mara nyingi hubeba virusi. Na mchezo unaotegemea seva utakulazimisha tu siku yake ikifika.