Senegal, Nchi Inayoitukuza Sanaa Hadharani

Kwenye rasi iliyo ncha ya magharibi kabisa ya bara letu umejengwa mji wa Dakar, makao makuu ya Senegal, nchi ya tambarare za mchanga na mibuyu, ambayo wakulima wake kwa dahari wametegemea karanga kwa riziki yao. Nayo, ijapokuwa haikujaliwa utajiri mwingi, imejipatia heshima adhimu kwa kuithamini sanaa mbele ya macho ya walimwengu.

Mwezi wa Aprili 1966, uhuru ukiwa bado mchanga, Rais Léopold Sédar Senghor, aliyekuwa malenga kabla ya kuwa mtawala, aliwaita watu weusi wa kila pembe ya dunia kwenye tamasha kubwa la sanaa zao. Vinyago na sanamu za kale zilipangwa katika jumba lililojengwa makusudi karibu na bahari. Duke Ellington akaja na bendi yake kutoka Marekani. Tamthilia ya Aimé Césaire wa Martinique ikachezwa. Na katika kisiwa cha Gorée, ambako watumwa walikuwa wakipakiwa merikebuni, tarikhi ya mahali hapo ikasimuliwa usiku kwa taa na sauti. Wako waliolalamika kwamba taifa changa lingetangulia kujenga zahanati. Mimi naona umma uliodharauliwa karne nyingi ulistahiki pia kuonyeshwa hadhi yake.

Wala haikuwa fahari ya kuazima. Miongoni mwa Wamandinka wa kusini wamo mafundi wa kora, ambayo ni nusu ya buyu kubwa lililowambwa ngozi ya ng'ombe, lenye nyuzi 21, siku hizi aghalabu za mshipi wa kuvulia samaki. Mpigaji huielekeza kifuani pake, akazidonoa nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada cha kila mkono, huku akitaja nasaba za watukufu na habari za Sundiata Keita, mwasisi wa dola ya Mali katika karne ya 13, elimu aliyoirithi kwa baba yake pasipo kitabu.

Jumba lile la 1966 baadaye lilifanywa mahakama, jambo la kusikitisha. Lakini mnamo Desemba 2018 Dakar ilifungua makumbusho mapya ya ustaarabu wa watu weusi, aliyoyatamani Senghor. Na msomaji atakayejaliwa kufika huko, asirudi kwao kabla ya kuyazuru.