Valvu: Kioo Kidogo, Umeme Mkubwa

Kijana mwenye kupenda kuunda vitu ni neema nyumbani. Lakini akiikuta ghalani redio ya babu, iwe hapa pwani au kwa jamaa zetu walioko kwenye baridi ya Mau Narok, akataka kuzitoa valvu zake aunde amplifaya, yapasa wazazi wajue ni kazi ya namna gani.

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna kathodi, ambayo ikipata moto hutoa elektroni. Mna anodi inayozivuta. Na baina yao mna wavu. Wavu huo ulitiwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Sauti dhaifu itokayo kwenye simu hufikishwa kwenye wavu, nao, mithili ya bawabu, huuzidisha au kuupunguza mkondo upitao. Hivyo kidogo hukitawala kikubwa.

Mwenye kuanza hutosheka na valvu moja, ECL82, yenye sehemu mbili ndani ya kioo kimoja: ya kwanza huikuza sauti, ya pili huipa nguvu. Kisha transfoma ya sauti huipeleka kwenye spika. Hupatikana wati 3 hivi, nazo zatosha sebule.

Hatari iko kwenye umeme wake. Valvu hiyo huhitaji takriban volti 200 zilizonyooshwa na dayodi na kutulizwa na kapasita. Kapasita ni mtungi wa umeme: swichi ikizimwa, hata waya ukichomolewa ukutani, umeme waweza kubaki humo na kumuua mtu. Fauka ya hayo, baadhi ya redio za zamani hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa nyumba, na bamba lake la chuma laweza kuwa na umeme.

Basi ramani ianze na usalama. Pawe na transfoma ya kutenga, fyuzi, na bamba la chuma lililounganishwa na waya wa ardhi. Kapasita ya maikrofaradi 100 ifungiwe rezista ya kiloomu 100 yenye wati 2. Volti 250 zitashuka chini ya 1 kwa muda wa dakika moja. Hata hivyo, mita ndiyo itoe ushahidi kabla ya kugusa. Kifaa kisiwashwe bila spika, kwani transfoma ya sauti huweza kuungua.

Mama, usimzuie mwanao. Mtafutie fundi wa redio akae naye. Asifanye kazi peke yake, wala miguu mitupu, wala penye unyevu, na wadogo zake wakae mbali. Siku atakapokuonyesha kazi yake, kabla hujaisikiliza sauti, mwambie akuonyeshe kwanza fyuzi na rezista ile. Akizitaja na kueleza kazi yake bila kusita, huyo amejifunza.