Tikisa chupa kwanza: kwa nini dawa ya mtoto hutuama

Chupa nyingi za dawa za watoto zinazouzwa katika nchi za Maziwa Makuu hubeba maelezo ya Kiingereza au Kifaransa. Bibi anayelea mjukuu Buyenzi mjini Bujumbura, au Nyamirambo mjini Kigali, akiwa msomaji wa Kiswahili pekee, huenda asiyaelewe. Miongoni mwa maelezo hayo yamo maneno machache yanayoamua kama mtoto atapata dozi kamili: tikisa kabla ya kutumia.

Sukari ikitiwa katika chai huyeyuka, na kila funda huwa na utamu uleule. Unga wa muhogo ukikorogwa katika maji baridi hauyeyuki. Chembe zake huelea kwa muda, kisha hutuama chini. Amoksilini, dawa inayotumiwa sana kutibu nimonia ya watoto, iko karibu zaidi na unga kuliko sukari. Lita moja ya maji huyeyusha gramu chache tu za dawa hiyo, ilhali mchanganyiko wenye miligramu 250 katika kila mililita 5 una gramu 50 kwa lita. Sehemu kubwa ya dawa hubaki kuwa chembe ngumu.

Chupa isipotikiswa, mtoto hupewa maji yenye dawa haba siku za mwanzo, wakati ambapo vijidudu vina nguvu, na siku za mwisho hupewa mashapo mazito kupita kiasi. Dozi pungufu huchelewesha kupona na huweza kuchangia usugu wa vijidudu dhidi ya dawa.

Mwaka 1851 mwanasayansi George Gabriel Stokes alionyesha kuwa chembe yenye nusu ya upana wa nyingine huzama kwa robo ya kasi yake. Ndiyo maana watengenezaji husaga dawa iwe laini na kuyafanya maji kuwa mazito kidogo kwa gundi maalumu. Lakini ulaini una hatari yake: chembe ndogo mno hushikamana chini zikawa kama udongo mkavu, na hakuna mkono utakaozirudisha. Kwa hiyo mara nyingi huachwa zijikusanye katika mafungu mepesi, yanayotuama upesi lakini kutawanyika kwa urahisi. Mashapo chini ya chupa, basi, si dalili ya dawa mbovu.

Dawa hiyo huuzwa ikiwa unga mkavu kwa sababu ikishakutana na maji huanza kuharibika. Kutegemea mtengenezaji, hutumika kwa siku 7 au 14 tu. Unga hulegezwa kwanza kwa kugongagonga chupa. Maji yaliyochemshwa na kupoa hutiwa kidogo, chupa ikatikiswa, kisha hujazwa hadi kwenye alama. Povu likishuka na kiwango kikiwa chini ya alama, huongezwa tena. Kipimo kiwe kile kilichokuja na dawa, kwani vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Kutoyeyuka huku si kasoro daima. Bariamu iliyoyeyuka ni sumu, lakini wagonjwa hunyweshwa salfati ya bariamu kabla ya picha ya eksirei ya tumbo. Kwa kuwa haiyeyuki, hupita mwilini na kutoka bila kudhuru.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF sasa hupendekeza vidonge vya amoksilini vinavyosambaratika majini kwa nimonia ya watoto. Havihitaji jokofu, na mchanganyiko hutayarishwa kwa dozi moja tu, katika kijiko au kikombe kidogo. Hata hapo chembe hutuama. Mtoto akishakunywa, kikombe huongezwa maji kidogo, hutikiswa, naye hupewa mabaki hayo ayamalize.