Ukihamisha ofisi mpakani, hakikisha simu haibaki nyuma

Gunia la vitunguu likitoka Mang'ola wilayani Karatu kwenda Nairobi hupita mikononi mwa watu wengi: mkulima, dalali, dereva, wakala wa forodha na mnunuzi. Mara nyingi watu hao hawajawahi kukaa meza moja. Kinachowaunganisha ni simu. Isipopokelewa kwa nusu siku, lori linalala Namanga, mzigo unapata joto na bei ya asubuhi sokoni inapita.

Pamoja na hayo, mfanyabiashara anapohamisha ofisi yake hufikiria kwanza kodi ya fremu, leseni, rangi ya ukuta na kibao cha mlangoni. Simu hukumbukwa siku ya mwisho, wakati viti vimeshapakiwa. Hapo ndipo wateja wa miaka mingi huanza kusikia kwamba namba waliyopiga haipatikani.

Ofisi zinafuata huduma

Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani vimebadili ramani ya biashara. Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, kilizinduliwa mwaka 2016. Mutukula, kati ya Tanzania na Uganda, kilifuata mwaka 2017, kisha Busia na Namanga mwaka 2018. Katika vituo hivyo, taratibu za kutoka nchi moja na kuingia nyingine hufanyika kwa kusimama mara moja, upande wa nchi ambayo mzigo unaingia.

Maana yake ni kwamba mzigo wa kwenda Kenya kupitia Namanga unahudumiwa upande wa Kenya, na ule unaoingia Tanzania unahudumiwa upande wa Tanzania. Wakala au msafirishaji aliyezoea kukaa upande mmoja hujikuta anahitaji watu wake ng'ambo ya pili, au anahamia huko kabisa. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini kwa upande wa simu amehamia nchi nyingine.

Namba haivuki mpaka

Kenya iliruhusu wateja kuhama mtandao bila kubadili namba mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2017. Huduma hiyo huwafanya baadhi ya wafanyabiashara waamini kwamba namba ni mali yao na wanaweza kwenda nayo popote. Sivyo. Mteja anaweza kutoka kampuni moja ya simu kwenda nyingine ndani ya nchi ileile, lakini namba ya Tanzania haiwezi kugeuka kuwa ya Kenya, wala ya Kenya kuwa ya Uganda.

Simu ya mezani ina kikwazo kingine. Tarakimu zake za mwanzo hueleza eneo: 022 ni Dar es Salaam, 027 ni Arusha na mikoa jirani, 028 ni Mwanza na mikoa ya ziwa. Anayehama kutoka Dar es Salaam kwenda Mutukula asitegemee kwamba laini yake ya 022 itamfuata. Aiulize kampuni ya simu mapema, na aombe jibu kwa maandishi.

Lipo pia tatizo ambalo wengi hawalioni hadi litokee. Namba za mkononi za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zinaweza kuanza na 07 na zote zina tarakimu kumi. Mnunuzi wa Nairobi akiona 07 kwenye ankara iliyochapwa Arusha, ataipiga kama ilivyo, na anaweza kumpata Mkenya mwingine kabisa asiyejua habari za vitunguu. Dawa yake ni rahisi: kila ankara, muhuri, kibao na gunia liandikwe namba kamili ya kimataifa, yaani +255 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya, +256 kwa Uganda, +250 kwa Rwanda, +257 kwa Burundi na +243 kwa Kongo. Baada ya msimbo wa nchi, sifuri ya mwanzo huondolewa.

Hesabu kabla ya kununua

Mpango mzuri huanza na daftari. Kwa wiki moja, ofisi iandike simu zilizoingia, zilizokosa kupokelewa, saa zilizopigwa na nchi zilikotoka. Daftari hilo litaonyesha jambo ambalo muuza mitambo hawezi kulijua: ni simu ngapi zinakuwa hewani kwa wakati mmoja. Ofisi ya watu wanane ni nadra kuwa na simu nane za nje kwa pamoja. Kama hazizidi tatu, hakuna sababu ya kulipia laini nane.

Hatua ya pili ni kuorodhesha kila namba inayotumika na jina la aliyesajiliwa. Hapa ndipo biashara nyingi huumia. Namba inayojulikana sokoni inakuta imesajiliwa kwa kitambulisho cha karani wa zamani au ndugu wa mwenye duka. Siku akiondoka, kisheria laini ni yake. Kuhama ni wakati mwafaka wa kuisajili laini kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za usajili wa biashara na namba ya mlipakodi, huku mhusika bado yupo kukubali mabadiliko.

Hatua ya tatu ni kuangalia namba hizo zimefungwa na nini. Namba moja inaweza kuwa ndiyo akaunti ya pesa kwa simu, ndiyo inayopokea ujumbe wa uthibitisho wa benki, na ndiyo iliyoandikwa katika mfumo wa mamlaka ya mapato. Lipa namba ya Tanzania na till ya Kenya nazo ni za nchi husika. Hazihami na ofisi. Laini iliyotelekezwa droo­ni hufungwa na mtandao baada ya muda na inaweza kupewa mtu mwingine. Mtu huyo akianza kupokea ujumbe wa benki yako, hasara si ya simu tena.

Mtambo upi unafaa?

Kwa biashara ya mpakani, njia ziko tatu. Ya kwanza ni simu za mkononi peke yake. Ni rahisi na huhamia kwa siku moja, lakini mteja anaweza kuwa na namba tano za watu tofauti na asijue ampigie nani.

Ya pili ni swichibodi ya ofisini: mtambo unaopokea namba moja kuu na kugawa simu kwa mhasibu, ghala au mtu wa forodha. Mtambo wa kizamani hutegemea waya wa simu uliozikwa ukutani. Kuuhamisha kunahitaji fundi, na huenda jengo jipya halina waya huo kabisa.

Ya tatu ni simu za intaneti. Mtambo wake unaweza kuwa kasha dogo ofisini au ukakaa kwa kampuni inayotoa huduma, na simu za mezani huunganishwa kwa waya wa mtandao wa kompyuta. Faida yake kubwa kwa mwenye ofisi pande zote mbili ni kwamba karani aliye Longido na mwenzake aliye Kajiado wanaweza kupigiana kwa namba fupi ya ndani, na mazungumzo yakapita kwenye intaneti ambayo tayari imelipiwa.

Simu moja ya aina hiyo hutumia takriban kilobiti 100 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Simu tano kwa pamoja zinahitaji nusu megabiti kila upande. Hicho si kiasi kikubwa. Kinachoharibu sauti ni kuyumba kwa mtandao, hasa upande wa kutuma. Kabla ya kusaini mkataba wa pango, mpangaji apime intaneti ndani ya chumba chenyewe asubuhi, mchana na jioni.

Umeme nao uhesabiwe. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme kutoka kwa kampuni ya simu na ililia hata taa zikizimika. Simu ya intaneti huzimika pamoja na jengo. Kwa hiyo betri ya akiba iwekwe kwa vifaa vyote vinavyohusika: kisambaza intaneti, kigawa mtandao na mtambo wa simu. Kimoja kikisahaulika, vyote vinanyamaza. Waya wa mtandao usizidi mita 100 kutoka kwenye kigawa mtandao hadi kwenye simu, jambo ambalo wenye ghala refu hulisahau. Anayehamia Rwanda au Burundi kutoka Kenya, Uganda au Tanzania akumbuke pia kwamba soketi za huko ni za pini za mviringo, tofauti na plagi ya pini tatu za bapa.

Mnara wa jirani na sheria za nchi mbili

Kila aishiye mpakani anajua simu inavyoweza kudaka mtandao wa ng'ambo bila mwenyewe kuvuka. Salio hukatwa kwa bei ya mgeni, na anayepiga huambiwa hupatikani. Simu za ofisi zipangwe zichague mtandao mmoja, si kujichagulia zenyewe, na huduma ya data ukiwa nje ya nchi izimwe. Kisambaza intaneti kinachotumia laini ya simu nacho kifanyiwe hivyo hivyo.

Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwishoni mwa 2014 kutekeleza mpango wa eneo moja la mtandao, uliopunguza gharama za kupiga na kuondoa malipo ya kupokea simu kwa msafiri aliye ndani ya nchi hizo. Tanzania haikuwa miongoni mwa walioanza. Mfanyabiashara wa Busia na yule wa Namanga wasipange bajeti kwa kunakiliana. Kila mmoja aulize bei ya njia yake.

Upande wa sheria, kila nchi ina mamlaka yake: TCRA Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda, RURA Rwanda. Vifaa vya simu vinatakiwa viwe vya aina iliyoidhinishwa na mamlaka ya nchi vinakotumika. Kuvusha waya au kurusha redio juu ya mstari wa mpaka ili kuunganisha ofisi mbili kunahitaji leseni. Hatari kubwa zaidi ni kasha la laini nyingi, maarufu kama simboksi, linalotumiwa kupokea simu za kimataifa na kuzigeuza zionekane za ndani. Watu wamefikishwa mahakamani kwa biashara hiyo. Fundi akipendekeza kifaa cha kukwepa bei ya simu za nje, mwenye ofisi ndiye atakayejibu, kwa sababu kasha liko kwake.

Vifaa vinavyovushwa vitangazwe forodhani hata kama ni vikuukuu. Orodha yenye jina la kifaa, namba yake ya utambulisho na risiti ya kununulia huokoa muda. Cheti cha uasili wa Jumuiya hakisaidii hapa: simu iliyotengenezwa Asia haiwi bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kuwa tu ilinunuliwa Arusha au Nairobi.

Siku ya kuhama na wiki zinazofuata

Kampuni ya simu ipewe taarifa wiki sita hadi nane kabla, kwa kuwa waya mpya huchelewa kuliko rangi. Laini mpya ziwe hai kabla za zamani hazijazimwa, na pande zote mbili zifanye kazi kwa pamoja angalau kwa mwezi. Kulipia mara mbili kwa mwezi mmoja ni nafuu kuliko kumpoteza mnunuzi mmoja wa lori.

Katika kipindi hicho, laini ya zamani ya mkononi inaweza kuelekezwa kwenye namba mpya kwa kupiga **21* ikifuatiwa na namba hiyo na alama ya reli, ##21# huondoa. Anayelipia safari hiyo ya pili ya simu ni mwenye laini iliyoelekezwa, na kuelekeza nje ya nchi huenda kukazuiwa au kuwa ghali. Ni bora kuelekeza kwenye laini nyingine ya nchi ileile, iliyo mkononi mwa karani anayeweza kuwapa wateja namba mpya.

Kwa WhatsApp, asifute akaunti. Programu hiyo ina sehemu ya kubadili namba inayohamisha akaunti na kuwajulisha wateja. WhatsApp Business pia inaweza kusajiliwa kwa namba ya simu ya mezani, kwa kupokea msimbo kwa njia ya sauti, hivyo mawasiliano ya ofisi hayamtegemei mtu mmoja na simu yake ya mfukoni.

Jaribio la mwisho lifanyike kabla mizigo ya kwanza haijafika. Mtu mmoja asimame kila upande wa mpaka apige namba kuu kwa laini ya nchi aliyopo, mara intaneti ikiwa imezimwa, mara umeme ukiwa umekatwa, mara karani akiwa hayupo mezani. Kila simu iishie kwa mtu anayejibu. Ile itakayoishia kwenye ukimya ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, kabla dereva aliye foleni hajaigundua.